Fahamu: Mtoto akikatika usoni, kovu hupunguzwaje?

Mtoto anayejifunza kutembea huanguka, na mara nyingi paji la uso au kidevu ndicho kinachopasuka. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, kisha lioshe kwa maji safi yanayotiririka. Usipake majivu, kahawa wala dawa ya meno. Huleta uchafu, na maambukizi hukuza kovu.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo ikiwa jeraha limeachama, damu haikomi, au limekata mdomo ama kope. Ulizia pia chanjo ya pepopunda. Nyuzi za usoni hutolewa mapema, kwa kawaida baada ya siku 5 hivi, zisiache alama zake.

Nyumbani, paka mafuta ya mgando kila siku na ufunike: kidonda chenye unyevu hupona vizuri kuliko kilichokauka. Usibandue kigaga. Kidonda kikishafunga, kikinge na jua kwa kofia, na baadaye kwa losheni ya kukinga jua.

Kovu halifutiki kabisa. Lakini wekundu au weusi wake huendelea kufifia kwa mwaka mzima au zaidi, hivyo usilihukumu mapema.