Yuca na cassava: muhogo mmoja, majina mawili

Msemaji wa Kiswahili anayeingia katika duka la vyakula mjini Houston huweza kuupita muhogo bila kuutambua. Mzizi ni ule ule, umepakwa nta ili usiharibike upesi, lakini karatasi ya bei imeandikwa yuca. Mjini London, muhogo huo huo huuzwa kwa jina la cassava.

Majina yote mawili yametoka kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibiani waliokutana na Wahispania mwishoni mwa karne ya 15. Yuca lilikuwa jina la zao lenyewe. Cassava linatokana na neno lililotaja mkate mwembamba uliookwa kwa unga wa zao hilo, ambao Wahispania huuita casabe hadi leo. Wahispania waliitenganisha mizizi na mkate. Waingereza wakalichukua jina la mkate wakaupa mmea. Ni kama mtu kuliita shamba la mahindi shamba la ugali. Jina la tatu, manioc, linalofahamika kwa Wakongo na Warundi waliosoma Kifaransa, lina asili ya lugha za Watupi wa Brazil.

Utata huzidi pale yuca inapoandikwa kwa c mbili. Yucca ni mmea mwingine kabisa, wa mapambo, wenye majani makali kama ya mkonge. Ulipewa jina hilo kwa makosa barani Ulaya katika karne ya 16, ulipodhaniwa kuwa ndio muhogo, na mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus akalithibitisha. Mizizi yake ina povu la kufulia nguo, wala si chakula. Hata hivyo, wenye maduka huikosea mara kwa mara herufi hiyo moja.

Lililo zito zaidi ni kwamba hakuna hata jina moja kati ya hayo linaloeleza kama muhogo ni mtamu au mchungu. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, huhesabu kuwa mtamu muhogo mbichi wenye sianidi isiyofikia miligramu 50 kwa kilo. Huo humenywa na kuchemshwa hadi uive, na maji yake humwagwa. Mchungu hauwezi kuharakishwa: lazima ulowekwe au uvundikwe, kisha uanikwe. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika jimbo la Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu baada ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo.

Mnunuzi wa unga naye ana mtego wake. Pakiti iliyoandikwa tapioca ina wanga mtupu uliochujwa kutoka kwenye muhogo. Atakayeusonga akitaraji ugali atapata gundi.