Mchoro wa Sweet Home 3D unakugomea? Angalia haya kabla fundi hajakata mbao

Wauzaji wenzangu wa makabati, vitanda, mapazia na vitu vya ndani, leo tuongee mchoro.

Mteja wa mtandaoni siku hizi haridhiki na picha ya kabati la mtu mwingine. Anakutumia vipimo vya chumba chake WhatsApp, halafu anakwambia, "Nioneshe litakavyokaa kwangu." Ukimtumia picha ya chumba chake na kabati lako limesimama ndani, advansi inaingia siku hiyo hiyo. Shida ni pale mchoro unapodanganya. Sentimita saba tu zikipotea kwenye kompyuta, fundi anakata mbao kwa namba ya uongo, na hakuna duka litakalopokea mbao iliyokwisha kukatwa. Hasara yote yako.

Programu ninayoiongelea ni Sweet Home 3D. Ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaipakua unaweza kuchora hata bando likiwa limekata. Kwa muuzaji mdogo inatosha kabisa. Ila ina tabia zake, na ukizijua hizo tabia nusu ya kero zinaisha.

Tuanze na ile inayokula hela za watu wengi: chumba kwenye mchoro hakilingani na chumba cha mteja, ingawa namba uliandika sawa.

Sababu ni hii. Ukichora ukuta kwenye programu hii, urefu unaouandika unapimwa katikati ya unene wa ukuta, siyo kwenye uso wa ndani. Ukuta wa kwanza kabisa unaochora huwa umeshawekewa unene wa sentimita 7.5, hata kama hujagusa kitu. Sasa mteja kakwambia chumba kina sentimita 300 ndani, wewe ukaandika 300. Kila upande unapoteza nusu ya unene wa ukuta, kwa hiyo ndani inabaki 292.5. Ukisema uwe mkweli zaidi ukaweka ukuta wa tofali la inchi 6 na plasta zake, tuseme sentimita 18, ndani inabaki 282. Picha itakuwa nzuri, mteja atafurahi, na kabati la ukuta kwa ukuta litakuja fupi. Kuna dada anauza makabati ya jikoni yalimkuta haya: kabati limefika, limesimamishwa, pembeni limebaki pengo unaingiza mkono mzima. Akalazimika kutengeneza kipande cha kuziba kwa gharama zake, na mteja bado hakuwa na furaha.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye kila urefu ongeza unene mmoja wa ukuta. Chumba cha 300 kwa 360 chenye ukuta wa 7.5, andika 307.5 na 367.5. Ukuta wa 18, andika 318 na 378. Halafu usiamini, hakiki: chukua kile kifaa cha kuchora mstari wa vipimo, kivute kutoka uso wa ndani wa ukuta huu hadi uso wa ndani wa ule wa pili. Kikisoma 300, endelea na kazi. Kisiposoma 300, usiweke hata stuli.

Na urefu wenyewe usiuchore kwa kukadiria na mausi. Anza ukuta, bonyeza Enter, kinatokea kisanduku cha kuandika urefu na pembe. Andika namba, Enter tena, unahamia ukuta unaofuata. Anayevuta kwa jicho hadi "inakaribia 300" anapata 299.3 hapa na 301.8 kule, na mwisho kuta hazikutani.

Kutokukutana huko ndiko kunaleta lile swali la kila siku: "Mbona sakafu haijai?" Kwa kawaida ukishazungusha kuta zote, unachukua kifaa cha vyumba, unabofya mara mbili katikati, sakafu inajijaza yenyewe. Ikikataa, jua kuna kona ipo wazi. Kwa mbali huioni. Kuza mchoro mpaka kona ijae kwenye kioo, utakuta ncha za kuta mbili zimepishana kidogo. Shika ncha ya ukuta mmoja, ivute hadi kwenye ncha ya mwenzake, achia. Pitia kona zote nne, maana mara nyingi zilizo wazi ni mbili.

Tukitoka kwenye kuta, tuje kwenye vipimo vyenyewe. Mafundi wetu wanaongea futi na inchi, programu wengi tumeiweka kwenye sentimita. Hapo katikati ndipo watu wanapigwa. Futi moja ni sentimita 30.48, siyo 30. Kwenye futi moja huoni tofauti, lakini ukuta wa futi 10 ni 304.8. Ukizidisha kwa 30 umeshatupa karibu sentimita 5. Kama mteja kakupa futi, ingia kwenye mipangilio ubadilishe kipimo kiwe inchi, andika namba zake kama zilivyo, ukimaliza rudisha sentimita. Programu inabadilisha yenyewe, kalkuleta ya nini?

Hapo hapo kwenye vipimo, vitanda. Vitanda vilivyomo kwenye orodha ya programu havijafuata magodoro yetu. Mteja akisema "tano kwa sita" anamaanisha godoro la sentimita 152 kwa 183, na kitanda chenyewe kinazidi hapo kwa sababu ya mbao za pembeni na kichwa. Ukiburuta kitanda chochote ukakiacha hivyo hivyo, unaweza kumwonesha mteja kwamba kabati la milango mitatu linaenea, kumbe kitanda chake halisi kitazuia mlango wa kabati usifunguke. Bofya kitanda mara mbili, andika vipimo vya kitanda unachouza wewe.

Ukiandika upana ukaona na kimo kimebadilika chenyewe, usidhani kompyuta ina virusi. Kwenye dirisha hilo kuna kisanduku kimeandikwa "Keep proportions" kimewekewa tiki. Kazi yake ni kukikuza kitu chote kwa pamoja. Toa tiki, kisha andika upana, kina na kimo kimoja kimoja. 

Na vitu vinavyoelea je? Umeweka stendi ya TV, kwenye 3D inaning'inia hewani kama imepigwa na majini. Ilitokea hivi: uliipitisha au kuidondosha juu ya kitu kingine, programu ikadhani unataka kuipandisha juu yake. Ni tabia nzuri ukiweka TV juu ya stendi, ni kero ukihamisha makochi. Ibofye mara mbili, tafuta sehemu ya "Elevation", andika 0. Imeshuka.

Tabia hiyo ya kusaidia bila kuombwa ndiyo pia inayofanya kitu kirukie ukutani na kujigeuza wakati wewe unataka kiache nafasi ya sentimita 5. Kwenye Windows shikilia kitufe cha Alt wakati unakiburuta, usumaku unazimika kwa muda. Kwa wa Mac ni Cmd. Linux ni Alt na Shift kwa pamoja.

Dirisha au mlango ukikaa ukutani bila kutoboa ukuta, angalia ulikitoa wapi. Vitu vilivyo kwenye fungu la milango na madirisha ndivyo vinavyotoboa. Ukipakua modeli ya mlango mtandaoni ukaiingiza kama fanicha ya kawaida, itabandikwa tu kama picha. Iingize upya, safari hii kwenye hatua za kuingiza uitambulishe kuwa ni mlango.

Sasa wateja wanaotuma picha ya ramani. Wapo wenye ramani ya nyumba kwenye karatasi, wanaipiga picha na simu. Programu inakubali kuiweka picha hiyo chini ya mchoro ukachora juu yake. Kuna hatua moja muhimu: chora mstari kwenye picha na useme una urefu gani halisi. Wengi wanachukua mlango kwa sababu uko karibu. Usifanye hivyo. Mlango ni mfupi, ukikosea milimita kadhaa kwenye picha, kosa linazidishwa mara nyingi kwenye sebule nzima. Chukua kipimo kirefu kuliko vyote kilichoandikwa kwenye ramani. Ukimaliza, pima kitu kingine cha upande wa pili, yaani kama ulitumia urefu wa nyumba, hakiki na upana wake. Visipolingana, picha ilipigwa simu ikiwa imelala upande. Mwombe mteja aiweke karatasi mezani, asimame juu yake kabisa, apige tena. Na ramani hata ikiwa na muhuri, kwa kabati la kuingia kwenye nafasi maalum bado mtu aende na tepu. Nyumba nyingi fundi ujenzi alihamisha ukuta kidogo na hakumwambia mtu.

Kwenye tepu nisisitize kidogo, maana hapa programu haiwezi kukuokoa. Kompyuta inachora kona iliyonyooka, ya nyumbani kwa mteja huenda haijanyooka. Mfundishe hivi kwa voisi: kutoka kwenye kona apime sentimita 60 ukuta mmoja aweke alama, sentimita 80 ukuta wa pili aweke alama, kisha apime kutoka alama hadi alama. Ikija 100 kamili, kona iko skwea. Ikija 102 au 98, kabati la kona litagoma, mpe fundi taarifa kabla. Upana wa nafasi apime mara tatu: chini, katikati na juu. Unayoichora ni ndogo kuliko zote. Na aseme kilichopo ukutani, yaani soketi, swichi, bomba, boksi la LUKU. Mteja hatakumbuka LUKU mpaka kabati limeifunika.

Upande wa 3D ukiwa mweusi au mtupu, kwanza angalia kama hukumwingiza yule mtu wa kutembea ndani ya ukuta au ndani ya kabati. Rudi kwenye mwonekano wa kutoka juu. Ikitokea nyumba, programu ilikuwa nzima. Isipotokea kitu kabisa, au programu inajifunga kila ukiiwasha, hiyo mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha, hasa kwenye laptopu za mtumba zilizowekewa Windows upya. Sasisha draiva kutoka kwa watengenezaji wa laptopu yako. Ikishindikana, ipo Sweet Home 3D ya kutumia ndani ya kivinjari kwenye tovuti yao, inakula bando lakini oda haikupiti.

Kompyuta ikiwa nzito, mchawi mara nyingi ni modeli za kupakua. Kochi moja zuri la mtandaoni linaweza kuwa zito kuliko nyumba nzima uliyochora. Ondoa moja moja uone. Na sidhani kuna mteja amewahi kununua kabati kwa sababu vase ya maua ilikuwa na majani halisi.

Wauza mapazia, hii ni yenu. Piga picha kitambaa chako kikiwa kimenyooka, kwenye mwanga wa mchana, kiingize kama muundo wa juu wa kitu. Programu itakuuliza ukubwa wa ile picha. Pima kitambaa ulichopiga, tuseme kipande cha sentimita 60, andika 60. Ukikubali namba iliyopo bila kusoma, maua ya kitambaa yatatoka makubwa kama sahani au madogo kama punje, na mteja atakuja kukulaumu kwamba ulichomletea sicho.

Picha ya mwisho ya kumtumia mteja ina ngazi nne za ubora. Mbili za chini ni za haraka, tumia hizo kujaribu pembe. Mbili za juu ndizo zinazohesabu taa na vivuli, na kwenye laptopu ndogo zinaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo iwashe ukiwa unaenda kula, na chaja iwe imechomekwa. Ikitoka giza, chumba chako kina dari na hakina taa. Weka tiki kwenye sehemu ya kuongeza taa za dari, au badilisha saa ya picha iwe mchana jua liingie dirishani.

Kuhifadhi: programu inaweza kujiwekea akiba kila baada ya dakika 10 ukiiruhusu kwenye mipangilio. Na umeme wetu huu, mimi ningeweka 5. Kila mteja akibadilisha wazo, hifadhi faili jipya lenye jina lake na tarehe, usifute la zamani. Siku akisema "mimi sikukubali droo tatu", unafungua lile la tarehe aliyolipa advansi.

Kumtumia, mteja hana programu, kwa hiyo faili lenyewe halimsaidii. Mtumie picha, pamoja na PDF ya mchoro wa juu yenye mistari ya vipimo, na vyote viende kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaipunguza, namba zinakuwa ukungu, 80 inasomeka 60. Kisha mwombe akujibu kwa maandishi: upana, kina, kimo, rangi, nimekubali. Nakala ya jibu hilo na PDF hiyo hiyo ndiyo unayompa fundi. Picha ya 3D usimpe, maana ataanza kupima kwa jicho.