Chipu Inayosahau Kazi Yake

Je, wajua kwamba ipo chipu ambayo umeme ukikatika husahau hata kazi yake? Huitwa FPGA. Ya kwanza ya Xilinx, kampuni ya Marekani, ilitoka mwaka 1985 ikiwa na vitalu 64 tu vya mantiki. Chipu nyingi hutoka kiwandani zimeshapangiwa kazi. Hii hupangiwa na mhandisi aliyeinunua, naye akibadili nia huipangia nyingine. Leo inachambua mawimbi ya rada, kesho picha za kamera.

Uwezo huo unatokana na swichi. Ndani mna msitu wa nyaya, na kwenye njia panda zake pana swichi zinazoamua umeme upite wapi. Kila swichi hufuata amri ya seli ya kumbukumbu, ambayo mara nyingi ni SRAM: transista 6 za kushika 1 au 0. Sita, kwa jibu la ndiyo au hapana! Haishangazi kwamba eneo kubwa la chipu huliwa na nyaya, swichi na seli hizo, si na hesabu yenyewe. Tena umeme ukizimika mpango wote hufutika, na ukirudi hupakiwa upya, kwa kawaida kutoka chipu nyingine ya pembeni.

Wabunifu wakaona bora wajenge ghorofa, seli za kumbukumbu zikae juu ya transista. Ipo kumbukumbu iitwayo RRAM: utando mwembamba wa oksidi, mathalani ya hafniamu, uliobanwa kati ya metali mbili. Ukiupa volti ya kutosha, ndani yake hujengeka uzi unaopitisha umeme. Ukigeuza volti, uzi hukatika. Ukishajengeka au kukatika, hukaa hivyo hata umeme usipokuwapo. Uzuri mwingine ni kwamba RRAM hutengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 400 za Selsiasi, hivyo inaweza kuwekwa juu ya transista zilizokwisha kukamilika bila kuziharibu. Seli zikihamia juu, chini panapatikana nafasi, nyaya zinafupika na ishara za umeme zinafika upesi.

Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na MIT walionyesha chipu yenye seli za RRAM zaidi ya milioni 1 zilizorundikwa pamoja na transista za neli za kaboni. Haikuwa FPGA, ila ilithibitisha kuwa ghorofa hizo zinajengeka.

RRAM ina ila yake: huchakaa ikiandikwa mara nyingi mno. Kwenye kompyuta, hiyo ni kasoro kubwa. Kwenye FPGA si neno, maana mpango wake huandikwa kwa nadra na kutumika muda wote. Tatizo lililobaki ni joto, kwani tabaka za katikati hupoa kwa shida.