Kwa Nini Kompyuta Hushindwa Kupata Mafaili Baada ya Sasisho

Tuseme tuko katika duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi huko Ludara, wilaya ya Koboko, nchini Uganda. Mzee mmoja anaingia kuomba nakala nyingine ya mkataba wa kiwanja aliochapiwa hapo mwaka jana. Kijana wa duka anaandika neno kiwanja kwenye kisanduku cha kutafutia, anabonyeza, anangoja. Hakitokei kitu. Juma lililopita neno hilohilo lilileta mikataba tele. Tangu hapo kimebadilika kitu kimoja tu: kompyuta ilijisasisha. “Samahani mzee,” kijana anasema, “apdeti imekula mafaili.”

Kauli hiyo imebeba madai mawili. La kwanza ni kwamba faili halipo tena. La pili ni kwamba sasisho ndilo lililoliondoa. Madai hayo hayana budi kutenganishwa, kwa sababu kila moja lina njia yake ya kupimwa, na dawa ya moja yaweza kuwa sumu kwa jingine.

Tuanze na maana ya maneno. Faili ni maandishi, picha au sauti iliyohifadhiwa kwenye diski kwa jina lake. Folda ni mahali yanapowekwa mafaili. Sasisho ni mabadiliko ambayo mtengenezaji anayatuma katika programu, ama kuziba mianya ya usalama, ama kuongeza uwezo mpya. Faharasa ni orodha ya maneno inayoonyesha kila neno linapatikana wapi, sawa na ile iliyo kwenye kurasa za mwisho za kitabu. Neno hili la nne ndilo litakalotushughulisha zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba ukiandika neno kwenye kisanduku, kompyuta hukimbia kufungua faili moja baada ya jingine hadi ilione. Ingefanya hivyo, diski yenye mafaili elfu ishirini ingekuchosha kabla ya kukujibu. Kompyuta inayotumia Windows ina programu ndogo inayofanya kazi chinichini, iitwayo Windows Search. Programu hiyo hupita kwenye folda ilizoruhusiwa, hufungua kila faili inaloweza kulisoma, hukata maandishi kuwa neno mojamoja, kisha huandika kwenye faharasa kwamba neno kiwanja limo katika faili hili, lile na lile. Ukitafuta, kinachosomwa ni faharasa. Mafaili yenyewe hayaguswi, na ndiyo maana jibu huja kwa kufumba na kufumbua.

Kutokana na mpangilio huo, faili laweza kuwepo salama bila faharasa kuwa na habari nalo. Kinyume chake pia hutokea: faharasa ikataja faili lililokwisha kufutwa. Kisanduku kikisema hakuna kitu, kimekueleza hali ya faharasa. Kuhusu diski hakijasema lolote.

Isitoshe, faharasa haipiti kila mahali. Kwa kawaida huanzia kwenye folda za mtumiaji, yaani nyaraka zake, picha zake na vitu vilivyo juu ya meza ya skrini. Sehemu ya pili ya diski, ile ambayo mafundi wengi huipa herufi D ili kutunzia kazi za wateja, haimo mpaka uiongeze mwenyewe. Flashi nayo haimo. Duka linalotunza mikataba kwenye D huwa lilishaiongeza siku nyingi, pengine kwa mkono wa fundi ambaye sasa yuko Arua, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna kitu kiliwahi kuongezwa.

Sasa tuje kwenye masasisho. Yapo ya aina mbili, na tofauti yake ina uzito. Sasisho la kila mwezi hutoka Jumanne ya pili ya mwezi na hubadilisha vipande vichache vya mfumo. Sasisho kubwa hubadilisha mfumo mzima: mfumo wa zamani huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, mpya huwekwa mahali pake, na mipangilio ya mtumiaji hubebwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika uhamisho huo faharasa yaweza kutupwa na kuanzishwa upya. Hilo lina sababu, kwa kuwa faharasa iliyoandikwa na programu ya zamani huenda isisomeke na programu mpya. Windows 10, kwa mfano, huiweka katika hifadhidata ya aina moja, na Windows 11 katika aina nyingine. Baada ya 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10, watu wengi wamekuwa wakihamia 11, na kila anayehama anapitia njia hii.

Je, sasisho laweza kweli kula mafaili? Limewahi. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10 lililojulikana kama toleo 1809. Siku nne baadaye ililisimamisha, baada ya watu kulalamika kwamba nyaraka na picha zao zimetoweka. Waliopatwa walikuwa wamehamishia folda zao za nyaraka mahali pengine huku mafaili mengine yakibaki kwenye folda ya zamani. Sasisho liliichukulia folda ile ya zamani kuwa tupu, likaifuta. Toleo lililorekebishwa lilitolewa tena tarehe 13 Novemba. Kwa hiyo hofu ya kijana wa Ludara si ya kipuuzi. Lakini kisa hicho kinatupa kipimo pia: waliopoteza mafaili waliyakosa hata walipofungua folda kwa mkono. Hapo ndipo pa kuanzia. Acha kisanduku, fungua folda mwenyewe, panga mafaili kwa tarehe, tafuta kwa macho. Mkataba ukionekana, dai la kwanza limeanguka, na mzee anaweza kupewa karatasi yake aende zake. Mengine yatashughulikiwa bila haraka.

Jambo linalofuata ni kujua ni kisanduku kipi kimekwama, maana viko viwili. Kimoja kiko chini ya skrini, karibu na kitufe cha kuanzia. Kingine kimo ndani ya dirisha la mafaili, upande wa kulia juu. Hivyo viwili havina tabia moja. Kile cha chini kimefungamanishwa na utafutaji wa intaneti wa Bing, na tarehe 5 Februari 2020 dunia iliona gharama yake. Kwa saa kadhaa kisanduku hicho kilifunguka kitupu kwenye kompyuta za Windows 10 katika nchi nyingi, hata kwa mtu aliyetaka tu barua iliyo kwenye diski yake mwenyewe. Microsoft ilieleza kwamba hitilafu ilikuwa upande wa mtandao, ikarekebishwa hukohuko. Kompyuta za watu hazikuwa na kosa. Binafsi naona mpango huo una kasoro ya msingi: kutafuta faili lililo mezani kwako kusihitaji ruhusa ya mtu aliye mbali, hasa katika nchi ambayo intaneti ilizimwa kabisa kati ya 13 na 18 Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Kisanduku cha chini kikikwama na cha dirishani kikifanya kazi, faharasa yako ni nzima.

Kuna pia kosa lisilohusiana na sasisho hata kidogo, ila husingiziwa sasisho kwa kuwa hugunduliwa siku hiyo. Utafutaji huu hulinganisha mwanzo wa maneno. Ukiandika barua, utapata barua. Ukiandika arua ukikusudia barua, hupati, kwa sababu herufi ya kwanza haimo. Kwa Kiingereza kasoro hii haisumbui sana, kwani maneno yake hubadilika zaidi mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni: kiwanja na viwanja, mkataba na mikataba, mtihani na mitihani. Faharasa haina habari za ngeli. Kwake hayo ni maneno tofauti kabisa. Ikiwa faili linaitwa Viwanja vya ukoo, neno kiwanja halitalileta kwa jina lake, leo wala kabla ya sasisho. Dawa ni kutumia kinyota kwenye dirisha la mafaili: ukiandika *wanja* utapata majina yote mawili. Wanaoandika Kilugbara wana kikwazo cha ziada, kwani alama ya ritifaa inayotangulia b au d huchapwa kwa maumbo tofauti kwenye kibodi tofauti, na kwa kompyuta umbo tofauti ni herufi tofauti.

Tukishapitisha hayo yote na faharasa ikabaki kuwa mshukiwa, inabidi kuihoji yenyewe. Kwenye Control Panel kuna ukurasa uitwao Indexing Options. Juu yake pameandikwa idadi ya vitu vilivyokwisha kuorodheshwa, na kama kazi imekamilika au bado inaendelea. Nenda pale, soma idadi hiyo, iandike kwenye karatasi, rudi baada ya nusu saa. Ikiwa imeongezeka, faharasa inajengwa. Ikiwa imesimama na kazi haijaisha, kuna kinachoizuia. Ikiwa imekamilika lakini folda ya D haimo kwenye orodha, basi sasisho lilipoteza ruhusa ya zamani na linalotakiwa ni kuiongeza tena.

Ni kitu gani basi huizuia? Hapa hali ya West Nile, eneo ilimo Koboko, inaingia moja kwa moja. Kujenga faharasa ni kazi inayokula umeme na kuchosha diski, kwa hiyo wabunifu wake waliiamuru ijinyime. Tangu sasisho la Mei 2020, programu hii hupunguza kasi au husimama kabisa betri inapopungua, kompyuta inapowekwa katika hali ya kubana umeme, au diski inapokuwa na shughuli nyingi. Kwa mtu ambaye kompyuta yake iko kwenye umeme wa ukutani kutwa kucha, amri hiyo haionekani. Faharasa hujengwa usiku akiwa amelala.

Ludara si hivyo. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Ilitegemea jenereta na kituo kidogo cha umeme wa maji cha Nyagak, cha megawati 3.5, kilichoanza kazi 2012. Njia ya gridi ilifika eneo hili mwaka 2024. Hata hivyo nguzo kufika mjini ni jambo moja, na waya kuingia dukani kijijini ni jingine. Wengi wanaendelea na sola. Kompyuta ya mkononi katika duka la namna hiyo huwashwa mteja anapokuja, hutumika kwa betri, huzimwa mteja akiondoka. Ikiwashwa, diski ina kazi ya kuchapa. Ikitulia, imezimwa. Muda ambao faharasa ingejijenga haupatikani. Kazi ya usiku mmoja huvutwa kwa majuma, na muda wote huo kisanduku kinajibu hakuna kitu.

Ndiyo sababu naona kwamba kwa duka la aina hii, linaloitwa ubovu mara nyingi ni kazi ambayo haijamalizika, na matengenezo ya kwanza ni umeme. Peleka kompyuta mahali penye waya, iunganishe, zuia isilale, iache usiku kucha. Hakuna bando linalohitajika, na hilo si dogo tangu data ilipowekewa kodi ya asilimia 12 Julai 2021.

Asubuhi soma tena ile idadi. Kama haikusogea, anzisha upya huduma ya Windows Search kwenye orodha ya huduma, ile inayofunguka ukiandika services.msc. Huduma hii huchelewa kidogo kuamka kompyuta inapowashwa, basi isihukumiwe katika dakika ya kwanza. Angalia pia kama diski ina nafasi. Hayo yakishindikana, rudi kwenye Indexing Options na ubonyeze kitufe cha Rebuild, ambacho hufuta faharasa yote na kuianza upya. Kitufe hiki hakigusi mafaili. Kosa linalofanywa ni kukibonyeza tena baada ya saa moja kwa kuona jibu halijaja: kila ukibonyeza, kazi iliyofanyika hutupwa.

Mafundi wengi wa mitaani huruka hatua hizi zote na kwenda kufomati. Ni njia ya haraka kwao, na faharasa mpya hutokea kweli. Lakini kufomati hufuta diski. Mkataba wa mzee, ambao ulikuwapo muda wote, ukipotea siku hiyo utakuwa umepotezwa na tiba.

Inabaki njia ya kurudi kwenye mfumo wa zamani. Baada ya sasisho kubwa, Windows huitunza folda ya Windows.old kwa siku 10, na katika muda huo mipangilio ina kitufe cha kurudisha toleo lililotangulia. Ni hatua ya mwisho, baada ya kunakili kazi zote kwenye flashi. Anayeifikiria aanze kwa kuangalia tarehe, kwa sababu siku hizo huhesabiwa tangu sasisho lilipowekwa, si tangu mteja alipokuja kuomba karatasi yake.