Si kila kinachofanana na wimbi ni wimbi

Palizi ya kwanza ya wimbi ndiyo inayomtesa mkulima zaidi. Ameinama na jembe dogo, na mbele yake kuna miche inayofanana kama mapacha. Mmoja ni obori, utakaotoa unga wa obokima na uji wa watoto. Mwingine ni gugu litakalomwaga mbegu kabla ya mavuno na kurudi msimu ujao kwa wingi zaidi. Akikosea, anang'oa chakula na kubakisha gugu.

Wakulima wa Kisii na Nyamira wanaufahamu vyema mkanganyiko huu, na hautokani na uzembe. Magugu haya ni ndugu wa damu wa wimbi.

Ndugu wawili wa kuchunga

Wimbi, ambalo wataalamu huliita Eleusine coracana, ni nafaka ya kwetu. Lilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mzee wake wa mwituni, Eleusine africana, bado yupo na huota kando ya barabara na mipakani mwa mashamba. Tofauti kubwa ni moja: mbegu za mwitu zikikomaa hudondoka zenyewe, lakini za wimbi hubaki kwenye suke hadi zivunwe. Tabia hiyo nzuri ilitokana na wakulima wa kale waliochagua masuke yasiyomwaga.

Kwa kawaida wimbi hujichavusha lenyewe. Hata hivyo, mara chache chavua ya ndugu yake wa mwituni hulifikia, na mbegu ya mchanganyiko huzaliwa. Mmea wake huwa na umbo la wimbi lakini una tabia ya gugu, yaani humwaga nafaka chini. Mkulima akichanganya mbegu hiyo na akiba yake, atakuwa analipanda gugu kwa mkono wake mwenyewe.

Ndugu wa pili ni Eleusine indica. Huyu ni mfupi, hutandaa chini, na mizizi yake hushika udongo kiasi cha kumtoa jasho anayeung'oa. Mmea mmoja unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu. Zaidi ya kunyang'anya wimbi mbolea na maji, huweza pia kuhifadhi blasti, ugonjwa wa kuvu unaokausha shingo ya suke na vidole vyake.

Jinsi ya kuwatofautisha

Miche ikiwa michanga, angalia chini ya shina. Shina la Eleusine indica ni bapa na jeupe karibu na udongo, na majani yake hulala kuelekea pande zote. Mche wa wimbi husimama wima. Eleusine africana ni mgumu zaidi kutambua kwa sababu naye husimama, hivyo mara nyingi hujulikana baada ya kutoa masuke. Vidole vya wimbi ni vinene, na katika aina nyingi hujikunja kuelekea ndani kama ngumi. Vya magugu ni vyembamba na vimenyooka.

Kwa sababu hii, kupanda kwa mistari kuna faida kuliko kumwaga mbegu ovyo. Acha takriban sentimita 30 kati ya mistari, kisha punguza miche hadi ibaki kama sentimita 10 kati ya mmoja na mwingine. Chochote kinachoota nje ya mstari ni mgeni, king'oe bila kusita. Palilia mara ya kwanza wiki mbili au tatu baada ya miche kuota, na mara ya pili kabla masuke hayajatoka.

Dawa haitakuokoa

Wapo wanaouliza kwa nini wasinyunyizie dawa ya kuua nyasi. Wimbi nalo ni nyasi. Dawa inayomuua ndugu wa mwituni ina uwezekano mkubwa wa kuliua na wimbi lenyewe. Isitoshe, nchini Malaysia, mwaka wa 1997, iligunduliwa Eleusine indica iliyokuwa imezoea dawa ya glyphosate na haikufa tena iliponyunyiziwa.

Mbegu ndiyo mlango

Kazi kubwa hufanyika kabla ya mavuno. Pita shambani masuke yakiwa bado kwenye mashina na uchague yaliyo manene, yenye afya na yasiyodondosha punje. Yakate, yakaushe na kuyahifadhi kando kwa ajili ya mbegu. Usichukue mbegu kutoka kwenye gunia la chakula, wala gorogoro la sokoni ambalo hujui lilikotoka. Ukinunua mbegu iliyoidhinishwa, kwa mfano ya P-224 au Gulu-E, hakikisha pakiti ina alama ya KEPHIS.

Magugu yang'olewe kabla ya kukomaza mbegu. Yakishakomaa usiwalishe ng'ombe, kwa kuwa baadhi ya mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani pamoja na samadi. Ivundishe samadi vizuri kwanza. Fyeka pia mipaka na kando ya njia, na ikiwezekana shirikiana na jirani, kwani chavua na mbegu havijui mpaka wa shamba.

Shamba lililokwisha kuvamiwa lipumzishwe kwa msimu mmoja au miwili kwa kupanda maharagwe au viazi vitamu. Humo, kila kinachofanana na wimbi kitajulikana mara moja kuwa ni gugu.

Ukiwa na shaka, ng'oa mmea mzima pamoja na mizizi na suke, uupeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yako au kituo cha KALRO Kisii. Upeleke mapema, kabla mbegu hazijaanguka.