Kutoboa Tangi la Kioo: Hatari Iko Ukingoni

Mfugaji wa samaki wa mapambo hufika siku moja mahali ambapo chujio dogo la kuning'iniza halimtoshi. Anayefuga siklidi wa Ziwa Tanganyika, samaki waliozoea maji maangavu yenye pH inayokaribia 9, hufika hapo mapema zaidi. Anahitaji tangi la pili chini ya meza: maji yashuke humo, yachujwe, kisha pampu iyarudishe juu. Kupandisha ni kazi ya pampu. Kazi ngumu ni kushusha.

Wasiotaka kutoboa kioo ili maji yashukie tunduni hununua kisanduku kinachokaa ukingoni, chenye bomba lililopinda linalovuta maji kwa sifoni kupitia juu ya kioo. Kinafanya kazi vizuri hadi hewa ijikusanye kwenye mpindo. Sifoni ikikatika, maji hayashuki tena, lakini pampu inaendelea kupandisha, na sebule inalowa. Tundu halina sifoni ya kukatika. Maji yakilifikia yanashuka, yasipolifikia yanabaki. Umeme ukizimika na kurudi usiku wa manane, mfumo huanza wenyewe bila mtu kuamka.

Kinachowazuia watu ni hofu ya kupasua kioo. Hofu hiyo ina msingi, ila wengi huielekeza kwenye ukubwa wa tundu, na huko siko tatizo liliko. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bapa pana linalovutwa, likiwa na tundu la duara, hubeba kwenye ukingo wa tundu mkazo mara 3 ya ule wa kawaida, tundu liwe dogo au kubwa. Mara 3 si kidogo, lakini inavumilika panapokuwa na mkazo mdogo. Mwaka 1913 Mwingereza Inglis aliendeleza hesabu hizo kwa matundu yenye ncha kali, na hapo ndipo mambo yalipobadilika: ufa wa kina cha milimita 1 wenye ncha nyembamba ya elfu moja ya milimita huzidisha mkazo zaidi ya mara 60. Chuma kikizidiwa hunyumbuka kidogo na ncha hiyo huwa butu. Kioo hakinyumbuki. Mwingereza mwingine, Griffith, alipoandika kuhusu kupasuka kwa vitu mwaka 1921, alitumia kioo kuonyesha kwamba nguvu yake halisi huamuliwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo duara safi la milimita 45 ni salama kuliko duara la milimita 20 lililomeguka pembeni.

Ukilikubali hilo, karibu kila sheria ya kazi hii inajieleza yenyewe.

Kwanza, aina ya kioo. Kioo cha tempa hakitoboleki kabisa. Kiwandani hupashwa joto zaidi ya nyuzi 600 kisha hupoozwa ghafla kwa hewa, nyuso zake zikabaki zimebanwa na moyo wake ukabaki umevutwa. Biti ikifika kwenye sehemu iliyovutwa, kioo chote husambaratika kuwa vipande vidogo. Matangi mengi ya kiwandani yana kuta za kioo cha kawaida na sakafu ya tempa, kwa hiyo usimsikilize muuzaji anayesema "kioo ni kilekile". Pima. Weka skrini nyeupe ya kompyuta upande mmoja wa kioo, vaa miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi upande wa pili, kisha inamisha kichwa hadi skrini iwe nyeusi. Kioo cha kawaida kitabaki cheusi sawasawa. Cha tempa kitaonyesha mabaka au mistari ya mwanga.

Kisha mahali. Maji ya kina cha sentimita 50 husukuma kwa takriban kilopaskali 5. Kina cha sentimita 10 husukuma kwa kilopaskali 1 tu. Ndiyo maana ukuta wa nyuma, karibu na juu, ni bora kuliko sakafu. Zaidi ya hayo, konekta ya sakafuni, yaani kiungo cha bomba na tundu, ikivuja inaweza kumwaga tangi lote, ila ya juu humwaga sentimita chache. Lakini tangi lisilo na vipande vya kioo vya kukaza ukingo wa juu hujipinda zaidi katikati ya ukingo huo, hivyo sogea upande wa pembe. Toka ukingo wa tundu hadi ukingo wa kioo acha angalau upana wa tundu lenyewe, na vivyo hivyo kati ya tundu na tundu. Mimi ningetoboa mawili, la pili juu kidogo, likae kavu likisubiri siku konokono atakapoziba la kwanza.

Kuhusu kutoboa kwenyewe, biti hapa haina meno. Ni silinda yenye unga wa almasi mdomoni, nayo husaga kioo hadi kiwe uji mweupe. Kusaga hakuhitaji nguvu. Fundi anayeegemea drili kwa kifua anatengeneza nyufa. Hali kadhalika drili iliyoachwa kwenye hali ya nyundo ni hukumu ya kifo kwa tangi. Mizunguko 300 hadi 600 kwa dakika inatosha, na kioo cha milimita 10 kinaweza kuchukua dakika tano hadi kumi. Lilaze tangi kwa namna ambayo ukuta unaotobolewa utalala juu, zungushia mahali pa tundu ukuta mdogo wa udongo wa kufinyanga, ujaze maji. Kioo hupitisha joto taratibu mno: pakikauka, sehemu ndogo hupata moto na kutanuka huku jirani yake ikibaki baridi, na tofauti hiyo pekee inaweza kupasua. Maji pia huzuia vumbi lisiende mapafuni. Miwani ya kukinga macho haina mjadala.

Biti ya namna hii haina ncha ya katikati, kwa hiyo huteleza. Anza ukiwa umeiinamisha, ichimbe alama ya mwezi mwandamo, kisha iinue polepole hadi isimame wima. Hatari kubwa iko mwishoni, biti inapotokea upande wa pili. Hapo ndipo vipande hubanduka. Bandika utepe wa karatasi chini, na ukiona mlio umebadilika, acha uzito wa drili peke yake ufanye kazi. Mwishowe pitisha msasa wenye maji kwenye kingo zote mbili.

Tundu lililotoka salama mara nyingi huja kupasuliwa na spana. Konekta ya tangi, ndugu ya ile ya matangi ya plastiki ya juu ya nyumba, huziba kwa mpira wake, wala haihitaji kukazwa kama nati ya gurudumu. Mpira ukae ndani, upande wa kola. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Inunue kabla ya biti, kwa sababu konekta ya inchi moja huhitaji tundu la karibu milimita 45, na kila kiwanda kina kipimo chake. Bomba lishikwe na ukuta au meza, lisining'inie kwenye kioo.

Kabla ya kuweka samaki, jaza maji, washa pampu, kisha zima umeme makusudi. Katika tangi la sentimita 120 kwa 45, kila sentimita 5 zinazoshuka ni lita 27, nazo zote zitaingia tangi la chini, pamoja na maji yanayorudi kupitia bomba la pampu lisipokuwa na kitundu cha kuingiza hewa karibu na uso wa maji. Likifurika, punguza maji ya chini na urudie. Likipokea yote, washa pampu tena, subiri maji yatulie, kisha chora mstari wa wino usiofutika pale yalipoishia kwenye tangi la chini, na usiruhusu mtu kuongeza maji kupita hapo.