Wimbo Mpya na Rafiki Anayeuleta

Kijana wa Kalemie leo aghalabu hupata wimbo mpya kwa WhatsApp, kutoka kwa rafiki aliye Lubumbashi, Bukavu, au Kigoma ng'ambo ya ziwa. Njia hii ya kupokezana nyimbo imetangulia simu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, mashariki ya Kongo, alihamia Dar es Salaam mwaka 1978 kwa mwito wa jamaa yake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi huko. Miaka kumi baadaye alizuru Ulaya na WOMAD, kwa kuwa rafiki mmoja alikuwa amebeba kanda yake hadi Uingereza.

Linalotuhusu sisi wanalugha ni jina la mtunzi. Kanda ilikuwa na kasha la kuliandika (ingawa zile zilizonakiliwa mitaani ziliandikwa kwa kalamu, pengine kwa makosa). Faili ya simu hutumwa tena na tena hata jina likapotea. Hivyo mtafiti akusanyaye nyimbo Kalemie asiishie kunukuu maneno. Amwulize msikilizaji alitumiwa na nani, na huyo naye alitumiwa na nani; huenda akamfikia mtunzi angali hai.